Seva akisi ya Git: utiifu wake ndio nguvu, ndio hatari

Machi 2013, mfumo wa mafaili wa seva kuu ya mradi wa programu huria wa KDE, inayotumia Git (programu ya kutunza historia ya msimbo), uliharibika. Seva zilizokuwa zikiiakisi, yaani kunakili kila badiliko lake, zilikuwa nzima, zikifanya kazi yake barabara, na ndiyo maana hali ikawa mbaya zaidi: zilivuta uharibifu uleule. Orodha ya miradi ilipotoka na kasoro, zikachukulia kwamba repo (hazina za msimbo) zimefutwa, nazo zikafuta. Repo zipatazo 1,500 ziliponea chupuchupu kwa kuwa seva moja tu haikufuata mkumbo.

Tukio hilo linafaa kukumbukwa na kila anayeweka seva yake ya kuakisi repo kisha akalala usingizi akiamini ana akiba.

Hoja za kuwa na seva hiyo zina uzito. Google Code, iliyobeba miradi mingi mno, ilitangaza Machi 2015 kwamba inafunga, na Januari 2016 ikafunga. Oktoba 2020, GitHub, tovuti ya kuhifadhi repo, iliiondoa youtube-dl, programu ya kupakua video, kufuatia madai ya chama cha kampuni za muziki cha Marekani, RIAA, ikairudisha mwezi uliofuata. Katika wiki hizo, mwenye nakala kwake hakukwama. Tena kuna faida ya kila siku isiyosemwa sana: mashine za kujenga na kupima programu zinavuta msimbo kutoka mtandao wa ndani, kwa hiyo intaneti ikikatika kazi inaendelea.

Gharama yake ni uangalizi, nao hauna likizo. Tarehe 13 Agosti 2021 GitHub iliacha kupokea nywila kwa shughuli za Git. Aprili 2022, Git 2.35.2 ilianza kukataa repo inayomilikiwa na mtumiaji mwingine wa mashine, hivyo folda ya root (akaunti kuu ya mashine) inayosomwa na akaunti nyingine ikahitaji kuandikwa kwenye `safe.directory`, orodha ya folda zinazoaminika. Machi 2023 GitHub ikabadilisha ufunguo wa RSA unaoitambulisha kwa wanaoiunganisha kwa SSH, njia salama ya mawasiliano ya mashine. Mabadiliko kama hayo yanaweza kusimamisha uakisi bila kelele: ukurasa unafunguka, repo zinaonekana zote, ila msimbo ni wa miezi iliyopita. Kwa hiyo naona watu wanahangaikia kisichostahili wanapobishana kuhusu muda wa kusawazisha. Saa 8 ambazo Gitea, programu ya kuendesha seva ya Git, huweka yenyewe zinawatosha wengi. Kinachotakiwa kwanza ni kengele: linganisha majibu ya `git ls-remote`, amri inayoonyesha matawi (mikondo ya kazi) ya repo na yalikofika, ya chanzo na ya kwako, na tofauti ikizidi siku moja mtu apate ujumbe.

Turudi kwenye utiifu. `git clone --mirror`, amri ya kuunda nakala akisi, huandika kanuni `+refs/*:refs/*`, na ile alama ya kujumlisha ina maana kwamba chanzo kikiandika upya historia, kwako nako inaandikwa upya. Atakayeiba akaunti ya chanzo ataifikia nakala yako bila kugusa seva yako. Repo tupu, yaani isiyo na mafaili ya kufanyia kazi, kwa kawaida haitunzi kumbukumbu ya matawi yalikokuwa, na vitu visivyoshikwa na tawi lolote vinaweza kusafishwa baada ya wiki mbili. Mimi ningeweka `gc.pruneExpire` kuwa `never` ili visisafishwe na `core.logAllRefUpdates` kuwa `always` ili kumbukumbu itunzwe, na nisingeruhusu `--prune`, inayofuta matawi yaliyofutwa kwenye chanzo, iendeshwe yenyewe. Diski itajaa haraka zaidi, lakini diski hununuliwa. Hata hivyo tawi likifutwa, kumbukumbu yake hufutwa nalo, kwa hiyo picha za mfumo wa mafaili (nakala za hali yake ya wakati fulani), kwa mifumo kama ZFS au Btrfs, bado ni za lazima. `fetch.fsckObjects` nayo inasaidia kukataa vitu vilivyoharibika, ingawa miradi ya zamani yenye kasoro za kihistoria itagoma kuvutwa na utalazimika kuilegezea masharti.

Kuna pia yale ambayo Git haibebi. Januari 2017, GitLab.com, tovuti nyingine ya kuhifadhi repo, ilipoteza takriban saa sita za hifadhidata. Repo zilisalimika, lakini ripoti za hitilafu na maoni ya kipindi hicho yalipotea. Seva akisi isingeokoa hata mstari mmoja wa mijadala ile. Mafaili makubwa yanayotunzwa kwa LFS, nyongeza ya Git, nayo hayaji mpaka uyaite kwa `git lfs fetch --all`.

Kwa mtu mwenye repo chache zake mwenyewe, faili la `git bundle`, linalobeba repo nzima, la kila wiki kwenye diski ya nje lina manufaa kuliko seva isiyotazamwa. Timu ambayo kazi yake husimama chanzo kisipopatikana, hiyo iwe na seva, na iwe na mtu aliyetajwa kwa jina kuitunza. Wakati huohuo kurasa za wavuti zifungwe nyuma ya VPN (mtandao binafsi) au nywila: mwaka 2025 mradi wa GNOME na tovuti ya msimbo ya SourceHut walilalamikia roboti za kukusanya data zilizozilemea seva zao, na kurasa za historia ya faili ni miongoni mwa zinazochosha seva kuliko zote.