Mlenda wa Baiskeli

Mimi Dodoma hii sina ugomvi na mtu. Ugomvi wangu ni na mbigili. Mvua zikikatika, ukiingia mwezi wa tano, wa sita, kale kajani kalikotambaa kwa adabu pembeni mwa njia kanakauka na kumwaga vimiiba vyenye pembe kama vichwa vya mbuzi. Kimwiba kianguke kianguavyo, lazima pembe moja itazame juu. Inamngoja nani? Mimi. Natoka Nkuhungu alfajiri nimepanda baiskeli yangu ya Phoenix, nafika soko la Majengo naikokota kama mbuzi aliyekosa mnunuzi mnadani.

Yule Mskoti, John Boyd Dunlop, alikuwa daktari wa mifugo kule Belfast. Mwaka 1888 akasajili tairi lake la upepo, baada ya kumtengenezea mwanawe la kuwekea kibaiskeli cha miguu mitatu. Safi. Lakini naapa kwao hakuna mbigili. Angeendelea tu na ng'ombe wake.

Fundi wangu hukaa chini ya mwarobaini. Kiraka shilingi 500. Juzi kabandika kiraka juu ya kiraka, nikamuuliza, "Fundi, huko chini bado kuna tyubu?"

"Ipo mzee, ila imebaki chache."

Ndipo kijana wa duka la spea akaniita. "Mjomba, utateseka mpaka lini?" Akatoa chupa ya uji wa kijani, akalichoma msumari tairi la maonyesho, akauchomoa. Fyuuu! Uji ukachungulia, akazungusha gurudumu, kimya. Anasema humo mna vinyuzinyuzi: upepo ukikimbilia tunduni unavisukuma, vinajazana mlangoni kama abiria wa daladala jioni, basi hatoki mtu. Tundu hata la milimita 3 linaziba. Nikatoa shilingi 8,000 bila kukohoa. Hivyo ni viraka 16, nilipiga hesabu nikiwa nimeshalipa.

Nyumbani mke wangu akasimama mlangoni. "Baba Rehema, unainywesha nini hiyo baiskeli?"

"Dawa."

"Ya minyoo?"

Sikumjibu, nilikuwa na shughuli. Mdomo wa chupa ile umekatwa kwa vali ya pikipiki. Yangu ni ile ya kizamani: unafungua nati, unachomoa kijiti kilichovishwa kipira chembamba. Theluthi ya dawa ikaingia kwenye tairi la nyuma, theluthi ikanywewa na mchanga. Jogoo akapita kuonja, hadi leo ananitazama vibaya.

Lakini ilifanya kazi! Siku ya nne nimeng'oa mbigili saba, nikazungusha gurudumu, upepo umetulia tuli. Nikaanza kupita kwenye miiba kwa makusudi. Kwa fundi nilipita nikipiga kengele kama msafara wa waziri, wala sikugeuza shingo.

Siku ya kumi tairi limelegea kidogo, jambo la kawaida, upepo hupungua wenyewe. Nikaleta pampu. Ngumu. Nikasukuma kwa mikono, nikasukuma kwa kifua, nikasukuma kwa nguvu za ukoo mzima. Haiingii hata pumzi ya panya. Kumbe dawa ile haichagui, kwake tundu ni tundu. Imeziba ya mbigili, ikamalizia na lile la kutilia upepo.

Saa imekwenda, nikapanda hivyo hivyo. Karibu na Sabasaba nikaingia kwenye shimo. Tairi legevu likikuta jiwe, tyubu inabanwa na ringi, inatoka na matundu mawili sambamba kama iliyong'atwa na nyoka. Vinyuzinyuzi vikashindwa. Uji ukachuruzika kwenye ringi, ukatapakaa kwenye suruali yangu ya kazini, na watoto wa shule wakasimama kutazama.

"Karibu mzee," fundi akasema. "Ulisafiri?"

Akafungua tairi, akanyamaza. Kisha akawaita wenzake. "Jamani njooni! Nani kapika mlenda humu?"

Wakaja wote, hata muuza kahawa. Sulusheni haishiki penye mlenda. Ikabidi tyubu ioshwe kwa sabuni, ianikwe juani, isuguliwe msasa, ibandikwe, halafu tuombe Mungu. Shilingi 3,000, kipira cha vali mbali.

"Ile chupa imebaki?" akauliza.

Nikampa ile theluthi iliyobaki, akanipunguzia 500. Nikaona leo na mimi nimepata.

Jumatatu napita, naona kipande cha boksi kimepigiliwa misumari kwenye mwarobaini, kimeandikwa kwa mkaa: KUTIA DAWA 2,000. KUOSHA DAWA 3,000. Chini yake watu sita na baiskeli zao. Nikamwonyesha tairi la mbele, limelala chali.

"Kutia au kuosha?"

"Kiraka, fundi. Kiraka tu."

"Viraka ni jioni, mzee. Simama nyuma ya yule mama."