Kanga ni yetu, faida ni ya nani? Nadharia za utandawazi mbele ya doti moja

Chukua doti moja ya kanga uitandaze mezani. Ni vipande viwili vilivyoungana, kila kimoja kina takriban sentimita 150 kwa 110, na mnunuzi ndiye atakayevikata na kuvipinda. Pindo limezunguka pande zote nne, mji uko katikati, na chini ya mji limekaa jina, yaani usemi uliochapwa. Mswahili hana vazi analolidai kuwa lake kuliko hili. Hata hivyo, ukiacha miongo michache iliyofuata uhuru, kanga nyingi zimechapwa na watu wasiojua Kiswahili, katika miji ambayo wavaaji hawajawahi kukanyaga. Ndiyo maana kanga inafaa kuzipimia nadharia za utandawazi kuliko ule mfano wa hambaga ya Kimarekani iliyoenea dunia nzima, unaorudiwa katika kila mhadhara.

Kambi ya kwanza inaona utandawazi kama ubeberu uliobadili nguo. Herbert Schiller, katika miaka ya 1970, aliuita ubeberu wa utamaduni: taifa lenye nguvu huuza bidhaa na habari zake, na ndani yake huuza pia namna yake ya kuiona dunia, hadi mpokeaji ajipime kwa kipimo cha mgeni. Immanuel Wallerstein mwaka 1974 alijikita kwenye uchumi. Kwake dunia ni mfumo mmoja wenye kitovu na pembezoni. Pembezoni hutoa mali ghafi, kitovu hubaki na hatua zenye faida. Walter Rodney, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikuwa ameshajenga hoja ya ukoo huohuo kuhusu Afrika mwaka 1972.

Kambi ya pili haikubali kwamba mpokeaji ni chombo kitupu. Roland Robertson aliazima neno la wafanyabiashara wa Kijapani, dochakuka, yaani kuifanya bidhaa iote mizizi mahali ilipofika, akaeleza kwamba ya dunia na ya mtaani hujengana. Jan Nederveen Pieterse anazungumzia umahuluti: tamaduni zimechanganyika tangu zamani, na anayetafuta utamaduni safi anatafuta kisichokuwapo.

Anayedhani mchanganyiko huu ulikuja na intaneti aanze na merekani. Hiyo ilikuwa pamba isiyopaushwa kutoka viwanda vya Massachusetts. Marekani na Sayyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, walitia saini mkataba wa biashara mwaka 1833, na kufikia 1837 konseli wa Marekani alikuwa Unguja. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilipokausha pamba, vitambaa vya Uingereza na India vikajaza pengo. Jina la nchi ilikotoka likabaki hata bidhaa yenyewe ilipobadili kwao.

Kanga ilizaliwa katika soko hilohilo, kwenye nusu ya pili ya karne ya 19. Jina lake jingine, leso, linatokana na neno la Kireno la kitambaa cha mkononi, na inasimuliwa kwamba wanawake wa pwani walinunua leso zikiwa bado hazijakatwa, wakaziunga kupata nguo moja pana. Kisha viwanda vya Uingereza, Uholanzi na Uswisi vikaanza kuchapa nguo nzima. Baadaye Japani, India na China. Hata kisutu, kile chekundu, cheusi na cheupe anachopewa bibi harusi na ambacho kwa kawaida hakina jina, nacho kimepita kwenye mashine za Uholanzi na India.

Hapo kambi ya kwanza ingepiga makofi: hata arusi yetu imevishwa na mgeni. Subiri kidogo. Mtumwa wa Unguja alivaa merekani isiyo na rangi, au kaniki iliyotiwa nili. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, wanawake waliotoka humo waliikimbilia kanga kwa sababu ilikuwa na rangi, na kwa sababu ilimficha mtu alikotoka. Kitambaa cha ng'ambo kikawa ushahidi wa uungwana. Mzungu aliyekichapa hakuwa na habari na maana hiyo, achilia mbali kuiuza. Kwa upande wa maana, basi, hoja ya ubeberu wa utamaduni inapwaya.

Inapwaya zaidi ukiangalia jina. Majina ya mwanzo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kisha za Kirumi. Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye kanga zake zilijulikana kwa chapa ya "Mali ya Abdulla", hutajwa mara nyingi kuwa ndiye aliyeyaeneza. Duka lilisikiliza mtaa unasema nini, likaagiza ng'ambo, na mtaa ukaamua. "Japo sipati tamaa sikati" haina mwandishi Uholanzi. Kiwanda kilikuwa mkono tu. Masikio na ulimi vilikuwa huku.

Lakini mkono usiojua lugha hukosea. Jina hufika limekatwa mahali pabaya au limepungukiwa herufi, maana mchapaji ananakili michoro, hasomi maneno. Kosa la pili ni la makusudi: pamba hubadilishwa na poliesta. Kanga mpya nyingi ni ngumu kwa sababu ya wanga, kwa hiyo dukani mkono hudanganyika. Ukweli hutoka kwenye beseni la kwanza, wanga ukiisha na rangi ikianza kuchuja. Mjuzi huchomoa uzi mmoja akauchoma. Pamba hunuka kama karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka, ikaganda kama kishanga kigumu. Tofauti hii si ya urembo. Kanga ya poliesta hainywi jasho, na ikifanywa mbeleko huteleza mgongoni.

Sasa fuata fedha, uone kambi ya kwanza inavyofufuka. Tanzania inalima pamba Kanda ya Ziwa: Simiyu, Shinyanga, Mwanza, Geita. Mkulima anauza pamba mbegu. Kinu cha kuchambulia hutoa pamba nyuzi zisizofika nusu ya uzito ule, na sehemu kubwa ya nyuzi hizo hupakiwa melini kama zilivyo. Kusokota, kufuma, kupausha, kuchapa na kutia wanga, yaani hatua zinazopandisha bei, hufanyika kwingine kwa wingi wake. Kisha kitambaa kinarudi na jina la Kiswahili juu yake. Wallerstein asingehitaji mchoro mwingine.

Palikuwa na jaribio la kuikata kamba hiyo. Kiwanda cha Urafiki kilijengwa Dar es Salaam kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, na vingine vikafuata. Vilipoyumba baada ya milango ya biashara kufunguliwa katika miaka ya 1980, wengine walilaumu bidhaa za nje na wengine mitambo iliyochakaa, umeme wa kukatika na uongozi. Nadhani ubishi huu hauna mshindi, kwa kuwa sababu hizo zilisaidiana. Kupausha na kuchapa hula maji, umeme na kemikali kwa wingi; umeme ukikatika kitambaa kikiwa katikati ya mashine, mita zilizokuwa humo zinaweza kuharibika. Kiwanda chenye hasara za namna hiyo hakiwezi kupambana na kontena kutoka Gujarat, India, hata kikipewa uzalendo wote.

Uhamaji nao uko ndani ya doti hii. Nadharia ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, iliyopangwa vizuri na Everett Lee mwaka 1966, inasema mtu husukumwa na shida za kwao na kuvutwa na neema za ugenini. Inatosha kueleza kwa nini watu huondoka. Kwa ufupi huo wa darasani, haielezi kwa nini aondoke huyu na jirani yake abaki. Wafanyabiashara wa Kihindi waliojenga soko la vitambaa Unguja na Mombasa hawakutoka India yote, walitoka zaidi Kutch na Gujarat, ndugu akimvuta ndugu na duka likizaa duka. Hiyo ni nadharia ya mitandao, ambayo Douglas Massey na wenzake waliitetea: kila anayetangulia humpunguzia gharama anayefuata, mpaka safari ijiendeshe yenyewe hata sababu ya mwanzo ikiisha.

Oman inaonyesha hata mitandao haitoshi. Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 yalisukuma, na baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, Oman yenye mafuta ikavuta. Mlango, hata hivyo, ulikuwa na bawabu: dola ilipokea waliotambuliwa kuwa na nasaba ya Oman. Kwa hiyo watu wa mtaa mmoja wa Unguja, wenye shida moja, walipata hatima tofauti kwa ajili ya ukoo. Waliokwenda walibeba Kiswahili na kanga, na Muscat hadi leo kuna nyumba zinazoongea Kiswahili cha Unguja. Msukumo na mvuto haviwezi kueleza hilo bila kuingiza dola na karatasi zake.

Anayekaribia kupatanisha yote ni Arjun Appadurai, aliyeandika mwaka 1990 kwamba watu, fedha, teknolojia, picha na fikra husafiri kwa mikondo mitano isiyoendana. Kwenye kanga maana ilikaa pwani, mashine zikahama Ulaya hadi Asia, faida ikagawanyika njiani. Kasoro yake ni kwamba mikondo hiyo mitano inaelezwa kana kwamba ina uzito sawa. Haina. Mwanamke wa Kariakoo anaweza kuikataa dizaini ikaozea stoo. Hawezi kukataa bei ya nyuzi katika soko la dunia.

Tofauti hiyo ilionekana kwenye mitumba. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa hatua kwa hatua, na Rwanda ikapandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo. Wauzaji wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, ambayo ilitishia kuondoa manufaa ya AGOA, mpango wa Marekani ulioruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia kwake bila ushuru. Kenya, Tanzania na Uganda zikalegeza. Rwanda ikashikilia, na mwaka 2018 nguo zake zikasimamishiwa nafuu hiyo.

Wanaosifu umahuluti hupenda kusema mitumba nayo tumeifanya yetu: inapunguzwa kwa fundi, inapigwa pasi, inavaliwa kwa mtindo wa hapa. Ni kweli, na haigusi kilichogombaniwa, yaani nani asokote uzi. Wanaopiga vita mitumba nao wanasahau kwamba nafasi yake haikuwa lazima ichukuliwe na kiwanda cha Morogoro au Kigali. Nguo mpya ya bei rahisi kutoka Asia ilikuwa imeshasimama foleni.