Unafungua tu na kufunga

Wiki tatu zilizopita, Jumanne, nilikuwa nimekaa kwenye benchi la fundi saa, barazani jirani na soko la Majengo, namtazama akihangaika na saa ya babu yangu. Akaja kaka mmoja, kitambulisho kinamning'inia shingoni, gari kaliacha linaunguruma. Akavua saa mkononi, saa ya maana kwelikweli, otomatiki, ile inayojijaza yenyewe mkono ukitikisika, mgongo wake kioo kitupu, magurudumu unayaona yanavyohangaika ndani. Akasema inasimama usiku. Fundi akaiweka sikioni, akaitikisa, akabana lensi jichoni, akaitazama kitambo. Akasema inataka kufumuliwa yote, ioshwe, itiwe mafuta upya. Elfu hamsini, na aje wiki ijayo.

"Elfu hamsini ya nini, mzee? Si unafungua tu na kufunga?"

Akatoa noti ya elfu tano, akaiweka juu ya kile kisanduku cha kioo kama mtu anayetoa sadaka. Fundi hakuigusa wala hakubishana. Kaka akachukua noti yake, akachukua na saa yake, akaondoka huku akitutangazia sisi tuliobaki kwamba tangu serikali ihamie hapa kila mtu Dodoma amekuwa mwizi. (Gari lake lilikuwa linameremeta, limetoka kuoshwa. Sidhani kama kijana aliyeliosha aliulizwa, "Si unamwaga tu maji?")

Sentensi ile inanikera mpaka leo, na nitasema kwa nini. Niliwahi kuisema mimi.

Babu yuko Kibaigwa, analima mahindi, na maisha yake yote amekuwa na saa moja tu: Seiko 5, ile ambayo kidude chake cha kurekebishia kimejificha kwenye 4, mahali ambapo yeye hupaita "kwenye saa kumi". Aliipata mwaka 1983, mwaka serikali ilipowasaka wahujumu uchumi, wenye bidhaa za magendo, na hadi leo ukimuuliza aliipata wapi anakuuliza kama umeshakula. Haivui ila akienda kuoga. Kila jioni redio ikikaribia taarifa ya habari ya saa mbili, babu anaiinua saa yake machoni. Haikagui saa. Anaikagua redio.

Mwaka jana mwishoni ikaanza kubaki nyuma. Akaitia ndani ya soksi, akampa kondakta wa basi la kuja Dodoma, akanipigia: "Huko mjini mafundi wapo. Usiniletee maneno, niletee saa." Nikaipeleka kwa kijana mmoja pembeni ya stendi. Akaanza na elfu thelathini. Mimi, kwa kipaji cha kushusha bei nilichorithi kwa mama, nikampigisha kona hadi elfu tano. "Kazi ya dakika tano hii, unafungua unaweka mafuta unafunga." Ndivyo nilivyomwambia, neno kwa neno, na nilijiona mjanja. Baada ya nusu saa nikakabidhiwa saa inatembea, inanuka petroli.

Ikatembea vizuri miezi michache. Halafu ikaanza kukimbia. Dakika mbili kwa siku, nne, mwisho kumi. Babu, ambaye kwake saa haikosei, akawa anafika kanisani kabla ya mwenye ufunguo, na anamgombeza mwenye ufunguo. Mwezi wa sita, katikati ya mavuno, ikasimama kabisa. Soksi ikarudi Dodoma.

Mzee wa Majengo alipofungua mfuniko wa nyuma hakusema kitu, alinipa lensi. Ndani ya saa kulikuwa na tope. Tope hasa, jeusi, limejaa kwenye meno ya magurudumu kama lile la kwenye mnyororo wa baiskeli. Mafuta ya cherehani, mengi, yamechanganyika na vumbi letu hili ambalo Agosti linaingia hata kwenye friji. Kisha kwa ncha ya kibano akanionyesha kamani ndogo, nyembamba kama unywele, imejizungusha kama gamba la konokono. Hiyo ndiyo inayolirudisha gurudumu la mizani kila linapokwenda. Mizunguko yake haitakiwi kugusana hata kidogo. Ya babu ilikuwa imegandana mizunguko mitatu kwa mafuta. Ikigandana ni kama imefupishwa, ikifupishwa gurudumu linarudi upesi kuliko inavyotakiwa, na saa inakimbia. Ndizo zile dakika kumi za babu. Sumaku nayo huleta ugonjwa huo huo, akaniambia, kwa hiyo mtu anayelaza saa yake juu ya spika asije kwake kulalamika kwamba siku hizi muda haukai.

Akaniuliza kwa upole, "Ulimlipa shilingi ngapi?"

Nikamwambia.

"Basi alikufanyia kazi ya elfu tano. Hakukuibia."

Hapo ndipo ninapotaka kugombana na watu. Kila siku nasikia mafundi saa wanaharibu, mafundi saa hawajui kazi, ukimpa saa imekwisha. Na bei ya elfu tano nani anaipanga? Elfu tano haifumui saa. Elfu tano inafungua mfuniko, inaichovya mashine nzima kwenye petroli, inamwaga mafuta kwa bomba la sindano, inafunga. Umemlipa mtu afungue na kufunga, amefungua na kufunga. Ukitaka hapo katikati kuwe na kitu kinafanyika, hicho kitu kina bei yake.

Kitu chenyewe ni hiki. Saa ya babu inapiga mara sita kwa sekunde. Kwa saa moja ni mara 21,600, kwa siku mara 518,400. Moyo wako, ambao ukipanda ngazi ghorofa tatu unaanza kuuonea huruma, kwa kawaida haufikishi robo ya hapo. Na kila pigo ni ncha za chuma nyembamba zinazunguka ndani ya vitundu vya mawe madogo mekundu, 17 kwenye saa ya babu. (Ni rubi za kutengenezwa kiwandani. Shusha nyundo.) Mafuta yanayotakiwa pale ni kitone ambacho kwa jicho tupu hukioni, fundi anakibeba kwenye ncha ya sindano. Kikizidi kinatambaa kwenda kisikotakiwa. Kikipungua, ncha zinalika. Na zipo sehemu hazitakiwi kuguswa na mafuta kabisa, na kuzijua ni zipi ndiyo kazi yenyewe. Halafu mafuta yanakauka, na yakikauka saa haikwambii. Inaendelea kutembea huku inajisaga, mwaka wa kwanza, wa pili, wa kumi, siku ikisimama unasema imeharibika ghafla. Ghafla gani? Ushauri wa kawaida ni sevisi kila baada ya miaka mitatu hadi mitano hivi. Ya babu ilikaa zaidi ya miaka 40 haijaguswa, na mimi nikataka ipone kwa bei ya chipsi mayai mbili.

Nilipomwambia shemeji kwamba safari hii nimekubali elfu arobaini na tano alishika kichwa. Shemeji ana bodaboda mbili. "Si ungemnunulia mzee nyingine pale soko la Machinga, elfu kumi na tano tu, inang'aa?" Nikamuuliza oili ya pikipiki anabadilisha ya nini, wakati pikipiki inatembea? Akasema nisilinganishe, pikipiki inaingiza hela. Hapo, kusema kweli, amenishika.

Lakini kuna hili. Huku Ilazo ninakokaa kila kiwanja kinajengwa. Saidia fundi wa kubeba zege ukimtajia elfu tano kwa siku anakucheka, na ni haki yake. Ila mzee wa miaka sitini na ushee, anayebana pumzi asipeperushe kidude kisichofika punje ya uwele, siku mbili nzima, huyo elfu tano inamtosha, akidai zaidi ni mwizi. Kwa nini? Nimewaza nikaona ni kwa sababu kazi yake haina kelele. Mtu akigonga nyundo tunasikia tunacholipia. Huyu amekaa tu, ameinama, jicho moja limefumba. Unapita mara ya kwanza umemkuta hivyo, unarudi jioni yuko vile vile, unasema hajafanya kitu.

Mwanawe anauza vioo vya simu. Alikaa kwenye benchi lile miezi minane akijifunza, akapiga hesabu, akaondoka. Baba yake hamlaumu, wala mimi. Pale barazani hakuna mwanafunzi mwingine.

Haya, na nyie mtakaonijia juu: ndiyo, mafundi wezi wapo, wale unaowaachia saa nzima ukarudishiwa tumbo la saa nyingine. Ndiyo, saa ya betri ya elfu kumi na tano, zile zilizoandikwa "quartz", inaishinda hii kwa usahihi, na Seiko hao hao ndio waliotangulia kuuza saa ya mkono ya "quartz", Desemba 1969, kwa hiyo hata pa kushtaki hakuna. Na simu inazishinda zote. Nimekubali. Tuendelee.

Kaka wa kitambulisho alipoondoka siku ile, upepo ukapiga. Mnaujua upepo wa hapa, haupigi hodi. Fundi akawahi kuifunika mashine ya babu kwa glasi ya chai, akaipindua juu yake, akakaa kimya vumbi lipite. Alipofunua, skrubu moja haikuwepo. Tukapiga magoti watatu: yeye, mimi, na mama muuza karanga wa pembeni, ambaye hakuna aliyemwita. Nikapendekeza sumaku. Alinitazama kama nimependekeza kiberiti. Akatandika karatasi nyeupe, akafagia baraza kwa brashi ya kupakia rangi, kidogo kidogo, kisha akawa anaupekua ule mchanga chini ya lensi, fungu kwa fungu. Dakika arobaini. Mama wa karanga ndiye aliyeiona, imenasa kwenye pindo la kanga yake mwenyewe.

Dakika hizo arobaini nani anazilipia? Kwenye "kufungua na kufunga" unaziandika wapi, kwenye kufungua au kwenye kufunga?

Na hiyo ilikuwa skrubu moja. Kila gurudumu lilioshwa peke yake, kwenye vikombe vitatu vya kahawa, kimoja baada ya kingine. Naam, kwa petroli. Petroli yenyewe haina kosa, kosa ni kuchovya mashine nzima kama mandazi kwenye chai. Vitundu vya yale mawe alivichokonoa kwa kijiti cha meno, na kila akimaliza kimoja anakichonga upya, kwa sababu ncha iliyochafuka inahamisha uchafu tu. Ile kamani ndogo aliisafisha kwa brashi ya manyoya laini, na nilipotaka kumuuliza swali aliinua kidole nisiongee.

Alipoiunganisha hakunipa. Akakaa nayo siku tatu, kila asubuhi anaitikisa ijijaze, siku moja inalala uso juu, siku moja uso chini, siku moja imesimama ubavu, maana saa kila mlalo ina tabia yake. Mashine ya kupimia mapigo hana. Ana simu iliyopasuka kioo, ndani yake programu inayousikiliza mlio wa saa kwa maikrofoni ya hedifoni na kuchora mstari. Mstari ukipanda inakimbia, ukishuka inachelewa, ukilala sawa imetulia. Simu, ile tunayosema imeua saa.

Jumamosi nikaitia kwenye soksi ile ile, nikampa kondakta.

Juzi babu akapiga. Tukasalimiana, tukamaliza habari za upepo, tukamaliza bei ya mahindi, tukamaliza ng'ombe wa jirani aliyekula mboga.

"Saa ilifika," akasema. "Inabaki nyuma dakika moja kwa wiki."

"Babu, hiyo kwa saa ya umri ule ni nzuri sana, hata..."

"Nimekwambia inabaki nyuma. Huyo mtu ulimlipa shilingi ngapi?"

Nilikuwa na hotuba yangu tayari. Ya tope, ya mawe 17, ya mapigo laki tano kwa siku. Mpaka mfano wa saidia fundi nilikuwa nao mdomoni.

"Elfu tano, babu."

Akanyamaza kidogo. Nikaisikia redio yake kwa mbali.

"Amekuibia," akasema.