Tafakari ya jioni isikatwe

Katika warsha za siku tatu au nne hapa Lamu, ziwe za uvuvi, ardhi au mikoko, ratiba ikichelewa kinachokatwa kwanza ni kipindi cha tafakari, pale watu wanapopima yaliyopita siku hiyo. Mwezeshaji hutazama saa, akasema tutaunganisha kesho. Kesho yake mtu mmoja husoma muhtasari wa jana haraka haraka, na mada mpya inaanza.

Wanaotaka kikatwe wana hoja. Jioni watu wamechoka na Magharibi inakaribia. Isitoshe, mara nyingi tafakari yenyewe hugeuka kuwa kuwashukuru waandaaji. Ikiwa ndiyo hiyo, afadhali watu wakapumzike.

Lakini lawama hapo ni ya uendeshaji. Mtu akiulizwa mbele ya ukumbi mzima, chifu na maofisa wakiwa mstari wa mbele, siku ameionaje, atasema nini zaidi ya nzuri? Waketi watano watano, wanawake peke yao inapofaa, waulizwe: lipi limepitishwa leo ambalo huko nyumbani litaleta shida?

Kwenye mkutano mmoja wa kupanga kufunga mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, mchana kutwa watu walibishana juu ya mwezi wa kuanzia. Mwamba wenyewe ulikuwa umepitishwa asubuhi bila pingamizi. Jioni, kwenye kikundi cha wanawake, mama mmoja akasema huo ndio mwamba pekee wanaoufikia kwa miguu wakati wa bamvua, maji yakitoka. Wanaume wana mashua, watachokoa kwingine. Wenzake wakamuunga mkono, mmoja baada ya mwingine. Mchana alinyamaza kwa kuwa aliyeupendekeza ni shemeji yake, na alikuwa ameketi mbele yake. Asubuhi iliyofuata ramani ikachorwa upya, wanawake wakaachiwa upande wa pwani.

Nasi Lamu tunajua hasara ya kuhesabu mahudhurio na kuyaita ushirikishwaji. Juni 2019, jopo la kitaifa la mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, megawati 1,050, uliokusudiwa kujengwa Kwasasi. Mikutano ilifanyika, tena watu walihudhuria. Ila ilikuwa ya utangulizi, kabla ya ripoti ya athari kukamilika, na ilipokamilika wananchi hawakurudiwa ipasavyo. Ushiriki ulikosa ile hatua ya pili: mtu kwenda na jambo nyumbani, akalizungumza barazani, akauliza wazee, kisha akarudi na jibu. Warsha ya siku tatu ina nafasi hiyo tayari, usiku kwa usiku, na ndiyo tunayoitupa ili tumalize mada.

Kwa hiyo tafakari iwe na sehemu mbili: nusu saa baada ya Alasiri, na asubuhi kabla ya mada mpya, watu wakiwa na haki ya kufungua tena lililopitishwa jana. Wapo watakaosema hivyo hakuna litakaloisha. Ni kweli mada moja au mbili zitabaki, zibaki. Siku ya mwisho ndiyo ya kuangaliwa zaidi, kwa sababu watu wa Faza na Kizingitini, kisiwani Pate, huwahi boti za kurudi nyumbani. Siku hiyo tafakari itangulie chakula cha mchana, na hotuba za kufunga ndizo zifupishwe.