Kabla hujauliza bei, uliza imetengenezwa na nini

Jamani leo niongelee kitu ambacho kwenye kichen pati zetu hapa Mbeya kinapitiwa juujuu, watu wanacheka, vigelegele, basi yameisha. Vaibreta, kile kifaa cha kujiridhisha kinachotetema. Somo atakufundisha mengi sana ila sijawahi kumsikia hata mmoja anasema kile kitu kimetengenezwa na nini, na mi naona hilo ndo swali la kwanza, kabla ya bei, kabla ya saizi, kabla ya spidi ngapi.

Yalinikuta. Mwaka juzi nlinunua kwa dada mmoja anauza kupitia status, ikaja kwenye mfuko mweusi, ya pinki, laini kama jeli, nafungua tu ile harufu, unazijua ndala mpya za Mwanjelwa zikirundikwa juani? Ndo hiyohiyo. Nikajipa moyo kwamba ni upya, itaisha. Haikuisha. Nikaiweka kabatini kipindi cha baridi, kuja kuitoa imetoa jasho la mafuta, inanata vidoleni, nyuzi za kanga zimeng'ang'ania. Na nlishaitumia kabla ya hapo, nikawashwa mpaka nikaenda hospitali, nesi akaniuliza kwa upole kama kuna kitu kipya nimetumia nikakataa, kwa aibu. Inaniuma mpaka leo maana yule nesi alitaka kunisaidia.

Baadae ndo nikaelewa. Hizi laini za jeli nyingi ni plastiki ya PVC, na PVC yenyewe ni ngumu, si ndo mabomba ya maji, sasa ili iwe laini wanachanganya vilainishi, vingi vinaitwa ftaleti, na hivyo havijashikamana na plastiki, vinatoka kidogo kidogo. Ulaya walianza kubana kwenye vitu vya kuchezea watoto, ftaleti kama DEHP zisizidi asilimia 0.1, na toka Julai 2020 wakapanua mpaka bidhaa zingine nyingi. Kiwango cha kimataifa cha hivi vifaa vyetu, ISO 3533, kimetoka 2021 tu. Yaani miaka yote hiyo mwanamke alikuwa anabahatisha.

Halafu kuna vitundu. Jeli, na zile plastiki laini kama mpira zinazoandikwa TPE na TPR, zina vitundu vidogo usivyoviona kwa macho, bakteria na fangasi wanajificha humo na sabuni haiwafikii, kwa hiyo unaweza ukatibiwa ukapona ukarudia kifaa kilekile ukaanza upya. Kama unayo tayari na huna hela ya nyingine basi ivalishe kondomu, mpya kila mara.

Mi nasema tafuta silikoni tupu. Ile ya chuchu za chupa za watoto, ile ya trei za keki zinazoingia kwenye oveni, haina harufu, hainati, haina vitundu. Plastiki ngumu ya ABS nayo iko poa, na chuma kisichoshika kutu. Kuosha ni maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, kausha vizuri, usichemshe yenye mota.

Na hili la mafuta ya mgando, kwa baridi yetu kila nyumba ina kopo na watu wanachota hapohapo kulainishia. Usifanye hivyo mwenzangu. Yanaharibu kondomu za lateksi, yanabaki ndani na yanaweza kukuletea maambukizi. Tumia kilainishi cha maji, maana hata kile cha silikoni kinaweza kuharibu kifaa cha silikoni.

Juzi nimemwandikia muuzaji mwingine, picha nzuri, elfu tisini, nikauliza ni silikoni asilimia mia au imechanganywa? Akajibu "ni laini sana dada utaipenda". Nikauliza tena. Akanitumia rangi zilizopo. Sijanunua, na swali langu nimemuachia palepale.