Muhali si huruma

Kwa miaka mitatu nilikuwa nikimpa ndugu yangu pesa kupitia dirishani. Ni mtoto wa mama mdogo, tumelelewa nyumba moja hapa Kibokoni, tumekula sinia moja. Alikuwa akija baina ya Magharibi na Isha, saa ambayo baba yuko msikitini. Hagongi mlango, hukwaruza ubao wa dirisha kwa ukucha. "Dada, nipa mia mbili tu. Arosto yaniua." Nami namwona anavyoteswa na kukosa unga wa kulevya: jasho na baridi kwa pamoja, kamasi zamchuruzika, amejishika tumbo. Natoa mia mbili, nafunga dirisha, natia udhu, nasali Isha moyo umetua kwamba nimetoa sadaka.

Leo naona haya kuiita sadaka. Pesa zile zilikwenda kununua unga, nami nilichopata ni usingizi.

Sisi watu wa Mombasa tuna neno letu, muhali, yaani kuona haya kumkatalia mtu au kumwambia ukweli. Umemkopesha asiyelipa, umelinyamazia jambo ulilopaswa kulisema, ukiulizwa wajibu, "Nimeona muhali," na watu wakuelewa. Twalisema kama sifa. Mimi nasema limetuponza. Mwenye huruma humtazama aliye mbele yake. Mwenye muhali hujitazama mwenyewe: watu watasemaje, nitaonekana nina roho mbaya. Kwa nje wote wawili hutoa mia mbili ile ile, ndiyo maana ilinichukua miaka kujijua.

Muhali huohuo ndio unaowafanya wazee wamwambie mwanamke aliyepigwa, "Subiri mwanangu, msitiri mumeo." Kenya ina sheria ya kulinda watu dhidi ya dhuluma za nyumbani tangu 2015, lakini kabla hajaifikia inabidi awapite kwanza jamaa wenye maneno matamu. Anayesitiriwa hapo ni mpigaji.

Dini nayo tumeivuta upande mmoja. Mtume (SAW) alituambia tumsaidie ndugu yetu akiwa dhalimu au amedhulumiwa. Wakauliza: aliyedhulumiwa twamsaidia, je, dhalimu tutamsaidiaje? Akajibu kwamba ni kwa kumzuia na dhuluma. Hadithi hii niliihifadhi chuo cha Kurani nikiwa mdogo, na haikunijia hata siku moja pale dirishani. Ndugu yangu alikuwa akiidhulumu nafsi yake, nami ndiye niliyekuwa nikimpa nauli.

Nilikataa siku mtungi wa gesi wa mama ulipotoweka jikoni. Simo miongoni mwa wanaowafukuza mateja kwa mawe; hilo nalo ni dhuluma, na udugu haukatwi. Nilimfungulia mlango badala ya dirisha. Nikamwambia chakula kipo, maji ya kuoga yapo, pesa hapana, na siku utakayotaka kwenda kliniki ya kutibu uraibu Kisauni tutakwenda sote. Akanitukana tusi nisiloweza kuliandika. Mama akasema roho yangu imekuwa jiwe. Usiku ule nililia juu ya msala, sikujua nimwombe Mungu amsamehe yeye au anisamehe mimi.

Zilipita wiki saba ndipo akasema twende. Sasa kila asubuhi kabla ya kazi twapanda tuktuk, twavuka daraja la Nyali, anakunywa methadoni yake mbele ya muuguzi. Kikombe kidogo, mara moja, kwisha. Kwa kipimo chake hailewishi. Huituliza arosto ili mtu aweze kukaa, kula, kufikiri. Lakini ni ya kila siku, na uzito wake wote uko hapo. Mia mbili ya dirishani ilinichukua dakika moja.

Jumamosi hakuja. Nilimngoja kibarazani mpaka mbaazi zikapoa. Jumapili akaja, macho chini, hakusema alikolala, nami sikumuuliza. Tulipofika darajani akaniomba mia mbili.

Nikamwambia hapana. Akanyamaza, akatazama maji mpaka tukafika ng'ambo.