Si kutojua lishe, ni hesabu ya mkaa
Kuna mwandishi kadai eti watu wa kipato cha chini mjini wananenepa kwa sababu hawajui lishe bora. Hapo kakosea. Mama aliyepanga chumba Chang'ombe hapa Dodoma anajua fika kuwa maharage yanafaa kuliko chapati. Kinachomshinda ni moto. Maharage makavu yasiyolowekwa yanakaa jikoni saa 2 na zaidi, na mkaa wa kopo unaisha hayajaiva, wakati chapati za kununua zinanyamazisha watoto papo hapo. Sasa angalia mafuta: gramu 1 ina kalori 9, ya wanga 4, hivyo kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ni kalori kama 120 na tumbo wala halishtuki. Chipsi ndiyo balaa, maana muuzaji akijaza viazi vingi karaini kwa mpigo mafuta yanapoa, viazi vinachelewa kuiva na vinayanyonya. Sembe nayo imekobolewa, pumba na kiini wanakula kuku (kuku ndio wenye lishe bora!). Kwa maharage, loweka tangu jioni, saa 8 hadi 12, mwaga maji yale, chemsha na maji mapya huku umefunika, na nyanya zisiingie mpaka yalainike, kwani uchachu wake unayakaza. Muda wa jikoni unapungua sana. Mnaonunua unga wa uwele au mtama soko la Majengo, siku hizi unapishana na sembe shilingi ngapi kwa kilo?